Kibali cha Maji ya Chumvi

Kibali kilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Severa alikisoma mara mbili, neno kwa neno, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima. Kiwanda cha barafu kimeruhusiwa kumwaga kwenye mtaro wa Jangwani maji ya chumvi yanayobaki baada ya mtambo wake mpya kusafisha maji ya kisima. Wananchi sitini na wanne wameafiki kwa kauli moja. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake.

Mtaro ule ndio ulionywesha mchicha wake, na mchicha ule, aliouuza Kariakoo kila asubuhi, ndio uliolisha wanawe wanne. Mtambo ulikuwa umejaribiwa wiki moja tu, na tayari matuta ya bondeni yalikuwa yameungua kama yaliyopitiwa na moto.

"Wewe ndiye uliyetuambia tuandike majina, balozi," alisema Bakili, jirani yake wa matuta, akiwa nyuma yake. "Ukasema tusionekane wajinga."

Siku ya mkutano wa kata karatasi ilipitishwa ikiitwa ya mahudhurio. Severa, balozi wa nyumba kumi, alishika kalamu kwa maringo, maana mwaka uliotangulia bado alikuwa akitia dole gumba. Kisha katibu akaita, "Kidumu chama!" Wakaitikia, wakapiga makofi, wakaenda zao. Kumbe makofi yale yalikuwa yanaandikwa.

Severa aliingia ofisini bila kupiga hodi. Wilbert, katibu wa kata, alikuwa anakunywa chai.

"Karibu, Mama Klara. Leo mchicha umelala?"

"Umekufa. Nimekuja kupinga kibali. Andika."

"Umpinge nani? Kiwanda ni cha umma, mtaro ni wa umma, na wewe mwenyewe ni umma. Mtu hujipinga?"

"Na kazi aliyopewa mwanao pale kiwandani, nayo ni ya umma?"

Wilbert aliweka kikombe chini. "Pingamizi halipokelewi watu wakishaafiki."

"Tuliafiki wapi? Tuliitikia chama. Ulitaka tunyamaze, utuite wasaliti?"

"Saini ni saini, mama."

"Nionyeshe."

Wilbert alifungua jalada kwa madaha, akamgeuzia orodha. Severa alichukua kalamu mezani, akalikata jina lake, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaitupa kalamu mbele ya katibu.

"Umeharibu hati ya serikali," Wilbert alisema polepole. "Nitakushtaki. Utalala ndani."

"Nishtaki. Hukutaka kuandika pingamizi langu, basi andika kosa langu. Severa amekata jina lake. Halafu andika kwa nini, maana hakimu atauliza. Andika maji ya chumvi. Andika karatasi ya mahudhurio iliyogeuzwa kibali. Nami nitatia saini chini yake, safari hii nikijua ninachokisaini."

Wilbert alivuta karatasi nyeupe. Akaandika tarehe. Akaandika "Severa". Kalamu ikasimama hapo.

Severa alimwita Bakili aingie awe shahidi, wakakaa kwenye benchi, magoti yakigusa meza ya katibu.

"Endelea, ndugu," alisema. "Matuta yamekufa. Hatuna kazi nyingine leo."