Herufi Kumi na Tatu

Mama Salama alipiga simu kutoka Vudee jioni, sauti ameibana kama mtu aliyejificha jikoni. Shikamoo ya binti yake aliiitikia mbiombio.

"Maua mwanangu, baba yako anasema jua likizama anashusha antena. Redio anampa fundi atoe spea."

"Mpe simu niongee naye."

"Hataki. Nimemwekea sikioni, kausukuma mkono wangu."

"Basi mwambie nipo redioni, mimi mwenyewe."

Mama akaenda, akarudi. "Anasema hata mashine yako ingesema hivyo."

Jibu hilo Maua alilistahili, na alijua.

Baba yake, Mzee Amiri, ndiye aliyemfundisha redio ya ridhaa, ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu, hasa hii ya kompyuta, ambayo huongei kwa mdomo bali unatuma vijimaneno: sekunde kumi na tano zako, kumi na tano za mwenzako, mpaka ujumbe unafika Brazili. Adabu zake alizikazia kama anavyokazia sala. Sikiliza kwanza. Usikae juu ya mstari wa mwenzio kwenye skrini, maana ndiyo masafa yake. Nguvu kidogo tu. Na usisahau, kila aliye upande wa pili ni mtu.

Sasa huyu Maua, kwa uroho wa kushinda mashindano ya kukusanya nchi ulizowasiliana nazo, akaweka programu inayojibu watu yenyewe, akaenda zake dukani karibu na stendi ya Same. Siku ya Idi baba akamtumia salamu redioni. Programu haijui salamu. Ikamrushia alama ya kufunga mazungumzo, ikaita mwingine. Mzee akasalimu tena, ikamfungia tena. Tangu siku hiyo hapokei simu zake. Anasema kafungiwa mlango na mwanawe mbele ya dunia nzima. Na kumfuata leo haikuwezekana, mvua ilikuwa imekata barabara ya Vudee.

Programu alikwisha kuifuta. Lakini atamthibitishiaje?

Akawasha redio. Mzee alikuwepo kwenye skrini, mstari hafifu kabisa kwa sababu ya milima iliyosimama kati yao, anaita yeyote amjibu. Maua akatafuta nafasi isiyo na mtu, akamwita. Mzee akamjibu Mbrazili. Maua akanyamaza mpaka wamalize, kama inavyotakiwa, akaita tena. Mzee akamchukua Mjapani. Akaita tena. Akachukuliwa Mwitaliano, tena aliyefika nyuma yake! Hasira zikampanda. Unaniona, baba. Unaniona kabisa!

Dirishani jua lilishateremka upande wa tambarare. Pembeni ya meza palikuwa na amplifaya, ya kuongeza nguvu ya mawimbi. Akiiwasha tu, atawafunika wote, na Mzee hatasikia mtu mwingine ila yeye. Kidole kikafika kwenye swichi. Halafu akajiambia, hivi ndivyo mashine inavyofanya, haimwonei mtu haya. Akaondoa kidole, akangoja zamu yake, akaita.

Safari hii jina la kituo cha Maua likatokea kwenye jibu la Mzee, na namba pembeni: ripoti ya jinsi anavyosikika. Basi, hakuna zaidi. Sasa ilimpasa arudishe ripoti yake, baba atume alama ya kufunga, mambo yaishe kikavu hivyo hivyo. Mashine yoyote ingeyaweza hayo. Nyuma yake watu kibao walikuwa foleni, na kuingiza maneno ya nyumbani katikati ya foleni ni utovu wa adabu ambao Mzee hakuwahi kuuvumilia. Maua akaufanya kwa makusudi. Mfumo unaruhusu herufi kumi na tatu tu, nafasi ikiwemo. Akaandika:

SHIKAMOO BABA

Zamu ya baba ikapita bila neno. Wengine wakaanza kumwita Mzee, wakidhani yuko huru. Kashaenda kwenye antena, Maua akawaza, na machozi yakamlengalenga. Akatuma tena yale yale, akakodolea macho skrini.

RIPOTI KWANZA

Maua aliruka kwenye kiti, akacheka huku analia. Alikuwa anagombezwa! Na Mzee Amiri hajawahi kugombeza mashine maishani mwake. Akatuma ripoti. Baba akarudisha alama ya kufunga. Mazungumzo yakawa yamekamilika kwa taratibu zote, na aliyefuata alikuwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akiita kwa subira muda mrefu. Nje jua lilikuwa limezama.

Mzee hakumjibu Mjerumani. Mtu yule ambaye hajawahi kumpotezea mgeni zamu hata moja, aliiacha foleni nzima ya dunia isubiri, akatuma:

MARAHABA MAUA