Koti la Zambarau

Vernell Tibbs alirudi Baltimore na suti nyeupe, wimbo uliopigwa redioni kutwa, na jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye ngazi za jengo la kina Otha Grimsley, ambako mwangwi ni wa bure. Walikuwa vijana wanne, wakijiita Kurumbiza, wamevaa makoti ya zambarau ambayo Bi Odessa, mama yake Otha, aliyashona kwa kitambaa cha pazia. Mngurumo wa besi unaoufungua wimbo aliubuni Otha. Kampuni ya santuri ikamtaka Vernell peke yake. Akakubali kabla hata hajakaribishwa kiti.

Sasa, siku ya onyesho la mchana mtaani kwao, mwimbaji wake wa besi wa kukodi yu hoi kwa homa, na bila mngurumo ule wimbo hauna mlango. Vernell akaziendea zile ngazi. Otha na wenzake wawili walikuwa wakiimba.

“Jamani, redio imeota miguu!” Otha akasema.

“Otha, ndugu yangu, nisaidie. Mchana huu tu.”

“Leo ndugu? Si ulitangaza umeutunga peke yako?”

Vernell akatazama viatu vyake. Viling’aa mno kwa ngazi zile.

“Nilisema vibaya.”

“Basi kaseme vizuri, mbele za watu. Na uvae koti la mama, siyo hiyo suti ya muuza maziwa.”

Koti alikwisha kulitupa zamani kwenye pipa la taka la stesheni, Philadelphia, asionekane mshamba. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jukwaani, wale watatu wa zambarau walikizunguka kipaza sauti, wakaacha pengo la mtu mmoja, kama zamani. Mshereheshaji akataja jina la Vernell tu. Vernell akamkatiza.

“Sikuutunga peke yangu. Ni wetu, Kurumbiza. Na besi ni ya Otha Grimsley.”

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Bi Odessa, mstari wa mbele, na kofia yake ya kanisani, hakupiga makofi.

“Na koti langu liko wapi, Vernell?”

Watu wakaangua kicheko. Angeweza kujificha humo.

“Nililitupa, mama.”

Kicheko cha Otha kikakatika. Akakisogelea kipaza sauti, akaanza kunguruma.

Vernell akaingia kwenye pengo, suti yake ikiwaka katikati ya zambarau kama bendeji. Zamu yake ikafika. Sauti haikutoka.

Otha akaurudia mngurumo toka mwanzo, akimngoja.