Vikombe Tisa vya Ladakh

Shemeji yangu Jaffar alicheka aliposikia nakwenda milima ya Himalaya kutazama nyumba za watawa wa Kibudha. "Na goti hilo? Ngazi za stesheni ya Hounslow hapa London tu zinakushinda!"

Nikaenda. Kule Ladakh nilipanda ngazi mia nne kwa goti hilohilo, na juu mtawa mzee akanikaribisha chai ya chumvi na siagi. Mimi Mpemba, kwetu mgeni habakishi kitu kwenye kikombe cha mwenyeji. Nikamaliza. Akajaza. Nikamaliza tena, akajaza tena. Nilipofika cha tisa, jasho linanitoka, ndipo mwongoza wageni aliponieleza kwamba kwao kikombe kitupu ni aibu kwa mwenyeji, na mgeni aliyetosheka hukiacha kimejaa. Mtawa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hajapata kuona mgeni aliyevuka vinne.

Jana Jaffar alikuja kwangu na mkewe, ambaye ni mdogo wangu. "Haya Bi Miska, ulipanda kweli, au uliishia chini ukapiga picha?"

Niliingia jikoni nikapika chai, nikatia chumvi na bonge la siagi, nikamwekea. Alikunja uso, lakini naye Mpemba, angefanyaje? Alikunywa mpaka tone la mwisho, akakiweka kikombe kwa adabu.

Nikajaza.

"Kunywa, shemeji," nikamwambia. "Bado vinane, na wewe ngazi hujapanda hata moja."