Alama za Rangi ya Kucha

Baada ya kujaribu ile brashi ndogo na kuona rangi inashika vizuri kwenye chuma, nilianza kazi. Nukta ya kwanza niliiweka kwenye betri. Ya pili kwenye kabureta, ya tatu kwenye koili, nikaendelea hivyo mpaka zikatimia nane. Zilikuwa nukta nyekundu ndogo kama punje za mtama, kila moja pahali ambapo mtu asiyejua hawezi kuiona. Nikaziandika zote kwenye daftari langu. Chini yake nikaandika namba iliyosomeka kwenye mita ya kilomita: 48,217.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi. Yeye husuka wateja kwenye chumba chetu cha mbele, na kichupa cha rangi kilikuwa chake.

"Siku hizi pikipiki nazo zinapakwa kucha?"

"Naweka ulinzi."

"Haya, mlinzi. Kikiisha nataka kingine, na kiwe rangi hiyohiyo."

Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa tarishi kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna ofisi mjini ambayo haikuujua muungurumo wake. Tangu afariki ilikaa uani chini ya turubai, mama akiifuta vumbi kila Jumamosi kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu. Sasa niliihitaji. Nilikuwa nimepata nafasi ya kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati za pembezoni na kuziwahisha maabara kuu kabla hazijaharibika. Wenzangu niliosoma nao maabara walinicheka, eti nimesoma miaka mitatu ili niwe dereva. Lakini mimi nilikuwa nimeona, wakati wa mafunzo ya vitendo, majibu yakifika wakati mgonjwa ameshazikwa. Niliamini kwamba mtu mmoja mwenye pikipiki nzima anaweza kupunguza jambo hilo. Bado naamini.

Sharti lilikuwa moja tu: pikipiki yangu ipite ukaguzi wa Jumatatu. Isipopita, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Na yangu ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kunywa oili kama ina kiu ya mwaka mzima. Ilihitaji pistoni mpya, ringi mpya, na silinda kuchongwa upya. Juu ya hayo nilitaka shokomzoba ngumu za nyuma, tairi jipya la nyuma, na keria pana ya kubebea sanduku la barafu.

Fundi wa baba alikuwa mzee mmoja anayeitwa Kimya. Jina lilimfaa. Karakana yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa mchomeaji wa mageti, sakafu nyeusi kwa oili, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja ndani ya mchoro wake wa chaki. Baba alimwamini. Lakini baba alimwamini kila mtu.

Aliyenitia wasiwasi ni jirani yetu mshonaji. Aliposikia naipeleka kwa fundi, alisimamisha cherehani.

"Ukae nayo hukohuko usiondoke. Shemeji yangu alipeleka pikipiki ina kabureta ya kiwandani, ikarudi inakohoa kama mzee aliyevuta sigara ujana wake wote. Wanabadilisha hao! Wanachukua kizima, wanakupachikia kichovu."

"Kimya hawezi. Alikuwa rafiki wa baba."

"Baba yako yupo?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Ndiyo maana nikakiazima kichupa.

*

Jumatatu, wiki moja kabla ya ukaguzi, nilimpelekea Kimya. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Aliiwasha pikipiki, akainamisha sikio, akaizima. Kisha akaizunguka mara mbili taratibu, akipitisha kidole hapa na pale.

"Rudi Jumamosi," alisema.

"Mzee, siwezi kukaa nikaangalia?"

"Ukitazama sana, mkono unakuwa mzito." Akachukua spana.

Jumanne nilipita kwa kujifanya naelekea sokoni. Injini ilikuwa imeshafungwa. Nilifurahi, halafu nikajiuliza: kama imeshafungwa, Jumamosi ya nini?

Jumatano mchana nilipita tena. Kimya hakuwapo, na pikipiki haikuwapo. Mchomeaji alipandisha miwani yake myeusi.

"Imetoka kidogo."

"Imetoka na nani?"

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Basi labda umetoka nayo hujijui, bwana mdogo," alisema, akashusha miwani na kuendelea kurusha cheche.

Nilisubiri saa nzima nikachoka. Nilipofika nyumbani mshonaji alikuwa ananingoja getini, amejaa habari.

"Pikipiki ya marehemu nimeiona barabara ya machimboni. Jana, na leo asubuhi. Taratibu, kama inapeleka abiria mgonjwa."

"Ilikuwa na abiria?"

"Abiria sikumwona. Lakini kwani mtu anakwenda machimboni kutembea?"

*

Alhamisi nilifika mapema, daftari mfukoni. Safari hii pikipiki ilikuwepo, imesimama katikati ya banda. Kimya alikuwa anaosha mikono kwa sabuni ya unga. Nilichuchumaa.

Mita ilisoma 48,217. Haikuongezeka hata moja. Lakini tairi jipya, lile nililomletea Jumatatu likiwa bado na vinyweleo vya mpira, lilikuwa limenyolewa katikati. Chini ya bamba la matope kulikuwa na udongo mwekundu, na udongo huo mjini haupatikani. Nikainama zaidi kwenye gurudumu la mbele. Waya wa mita ulikuwa umefunguliwa na ncha yake kufungwa kwa ukanda wa mpira, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga kidonda.

Nikatazama kabureta, pale nilipoweka nukta. Ilikuwa inang'aa, safi, bila alama yoyote.

"Mzee," nilisema, "hii kabureta ni yangu?"

"Ya nani tena?"

"Niliweka alama. Haipo. Na waya wa mita umefunguliwa, na tairi limetumika. Umekuwa ukiifanyia biashara pikipiki ya baba yangu?"

Mchomeaji alizima mashine yake. Kimya sikumzoea akionyesha hasira wala furaha, na siku hiyo pia hakuonyesha. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akachukua ufunguo kwenye msumari, akaniwekea kiganjani.

"Bado haijaisha," alisema. "Lakini chukua. Usizidishe arobaini."

"Nitajuaje ni arobaini na mshale umelala sifuri?"

"Utajua."

Niliondoka bila kuaga. Na kweli nilijua, kwa sababu mkono wa mafuta uligoma katikati. Kila nilipouzungusha uligonga kitu kama mpira na kukataa. Mwanamke mwenye baiskeli, amepakia magunia mawili, alinipita akanipigia kengele. Hapo sikuwa na shaka tena. Kimya alikuwa amenifungia kabureta ya pikipiki ndogo, na Jumatatu mkaguzi angecheka kabla sijashuka.

*

Dada alikuwa na mteja nilipoingia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikizunguka chumba, karibu nikanyage nywele za bandia. Mama alitoka jikoni akasimama, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Zile nukta nyingine zipo?" dada aliuliza.

"Zipo. Betri, koili, shokomzoba za mbele, zote zipo. Kabureta tu."

"Kabureta wanaiosha?"

"Lazima waioshe. Wanailoweka kwenye thina ili—"

Dada aliacha kusuka. Mteja, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, ndiye aliyeanza kucheka.

"Mdogo wangu," dada alisema kwa upole wa kuudhi, "mimi sikusoma maabara. Lakini wateja wakitaka kutoa rangi ya kucha na dawa yake imeniishia, huwa natumia nini?"

Miaka mitatu. Nilikuwa nimeandika mtihani mzima juu ya viyeyushi. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikaficha uso.

"Lakini tairi je?" nilisema hatimaye. "Na waya?"

Mama ndiye aliyejibu. "Baba yako naye alirudi siku moja anapiga kelele hivyohivyo, eti tairi limeliwa. Kesho yake akaenda kuomba radhi. Alichoambiwa huko hakuwahi kuniambia. Nenda ukaulize. Uulize, usiseme."

*

Ijumaa asubuhi nilisukuma pikipiki mpaka bandani. Sikutaka kuipanda. Kimya alikuwa peke yake, anapanga boliti kwenye makopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza."

Alinionyesha ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa.

"Injini mpya inauma," alianza, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. "Pistoni na silinda hazijazoeana. Inabidi iende polepole, kilomita mia tano, ipumzishwe, oili imwagwe, iende tena. Ukiikimbiza kabla, inakwama. Baba yako nilimkabidhi injini mpya mchana, nikamwambia taratibu. Alikuwa anawahi mpira. Jioni wakaileta kwenye mkokoteni."

"Mpira?"

"Na timu yake ikafungwa." Alitupa boliti koponi. "Tangu hapo kila injini naizoesha mwenyewe. Natoka asubuhi, natoka mchana. Machimboni, maana kule hakuna magari ya kunisukuma."

"Na waya wa mita?"

"Mteja akiona kilomita zimeongezeka anasema naifanyia biashara."

Nilihisi masikio yanawaka.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nikuambie nini? Kwamba sikuamini na mkono wa mafuta?" Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko kwenye usukani, akanionyesha ndani. Kulikuwa na kipande cha kandambili ya bluu kimekatwa kwa kisu, kimebanwa pale waya unapozunguka. "Nilijua siku utakayokuja kukagua alama zako utaondoka nayo. Wewe uliniwekea alama, mimi nikakuwekea kandambili. Ngoma droo."

"Nisamehe, mzee. Nilikutuhumu mbele ya watu."

"Mtu mmoja tu. Na yule hasikii vizuri, mashine imemmaliza." Alifunga kifuniko, mgongo ukiwa kwangu, akichelewa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Imebaki mia tatu. Mimi siipandi tena. Panda mwenyewe. Jumatatu asubuhi lete nitoe mpira."

Nilitamani abishane, anitukane hata. Hakufanya hivyo. Nilielewa kwamba hajanisamehe bado, na kwamba hana haraka.

*

Kwa siku tatu nilikwenda machimboni na kurudi. Alikuwa ameunga waya wa mita, na mshale ulitulia kwenye arobaini kama umegandishwa. Nilipumzisha injini chini ya mabango ya matangazo, nikaigusa kwa mgongo wa kiganja jinsi baba alivyokuwa akifanya, nikaandika kilomita daftarini. Matrekta yalinipita. Vijana wa bodaboda walinipita wakiwa wamebeba watu watatu na godoro.

"Mwalimu! Hiyo ni pikipiki au sanamu?" mmoja alipaza sauti.

Jumapili jioni, ikiwa imebaki kilomita thelathini, barabara ilikuwa tupu na mteremko mrefu ulinyooka mbele yangu. Kandambili ni mpira laini. Nilijua kwamba nikiukandamiza kwa nguvu utabonyea, na nani angejua? Niliwaza ukaguzi. Je, kama kabureta ina kasoro kweli na nitaigundua mbele ya mkaguzi? Kujaribu mara moja tu, sekunde kumi. Mkono ulikaza wenyewe.

Nikaulegeza. Siwezi kusema ni kwa sababu ya wema. Nilimwona tu baba juu ya mkokoteni.

Jumatatu saa moja asubuhi Kimya alifungua kifuniko. Alitoa kandambili, halafu kwa ncha ya bisibisi akatoa kitu kingine nyuma yake: njiti ya kiberiti. Aliiinua kwenye mwanga akaigeuza. Ilikuwa nzima.

"Ungeilazimisha, ingevunjika," alisema.

"Kwa hiyo bado hukuniamini."

"Sikukuamini." Akaiweka njiti mdomoni, akaanza kuitafuna. "Sasa nenda."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu sikioni. Alipanda mwenyewe, akazunguka uwanja mara tatu, mara ya tatu akaifungulia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Aliporudi hakuuliza chochote kuhusu breki wala taa. Aliuliza, "Injini hii kafunga nani?" Nikamtajia. Akaitikia kwa kichwa, akagonga muhuri, akanikabidhi sanduku la barafu.

Kabla ya safari ya kwanza nilipitia bandani. Niliomba kitambaa na thina kidogo, na mbele yake nikaanza kufuta nukta nikifuata daftari langu. Betri. Koili. Shokomzoba ya mbele ya kulia, ya kushoto. Nilipofika ya saba nikafunga daftari, maana ya nane alishaifuta yeye kwenye kabureta.

"Zimekwisha," nilisema.

"Bado moja."

Alinyoosha kidole kilekile alichopitisha kwenye pikipiki siku ya kwanza, akaniinamisha kichwa kwa mkono wa pili. Chini ya tanki, kwenye chuma cha fremu, kulikuwa na doa jekundu la hovyo. Ni pale nilipojaribia brashi.

"Hiyo iache," akasema, na akarudi kwenye makopo yake.