Mtani wa Kwenye Shuka

Miezi mitano Dionisia hakumsemesha mwanawe Gaudens. Maneno alikuwa nayo tele, ila aliyapitisha kwa watu. "Mwambieni karani ugali unapoa," alimwambia jirani, na karani mwenyewe kakaa pale pale, anamtazama. Gaudens alikuwa karani wa kampuni ya karanga, Nachingwea, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi, na kusemeshwa kupitia watu kulimkera sana.

Kisa kilikuwa mazishi ya baba yake, mzee Saturnini, kule Matambarale. Shaibu wa Narung'ombe, mtani wa ukoo wao, alikuja kufanya kazi ya watani, kuwachekesha wafiwa. Akajilaza ndani ya kaburi, akakoroma, akaigiza kikohozi cha marehemu, akajamba, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walikwishaanza kucheka na machozi yao machoni. Gaudens akaona aibu. Akamshika Shaibu mkono, akamvuta nje mbele ya kadamnasi. "Hapa pana maiti, hapana ngoma," alisema. Shaibu akajipangusa udongo, akaenda zake.

Basi mwaka huo wa 1949 gari la sinema lilipokuja Nachingwea, Gaudens aliwapandisha mama yake na jirani yao Moza lori kutoka Ruangwa. Alikuwa ameambiwa kutaonyeshwa treni, na Mfalme akikagua askari. Mama akiona treni, alijiambia, neno litamtoka tu, na likishatoka moja mengine yatafuata. Hakutaka kingine duniani.

Saa tisa mchana waliingia katika ghala la kampuni. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe limetundikwa ukutani, joto la kumchemsha mtu. Dionisia alimweka Moza katikati, ili asikae bega kwa bega na mwanawe.

Treni haikuja. Lilikuja jeneza. Kutoka ndani yake akaruka maiti wa Kizungu aliyevaa tai, akaanza kuikimbiza kofia yake. Kofia ikaingia nyumba moja, na humo ng'ombe kakaa kitini anakunywa chai. Mifupa ikatoka kabatini ikacheza dansi. Maiti akajamba, mishumaa yote ikazimika. Mara yumo kitandani ana ndevu, mara hana ndevu, mara hana hata kichwa.

"Huyu amekufa," alieleza mkalimani Eustace kwenye kipaza sauti. "Sasa hajafa. Sasa... jamani, hata mimi sielewi."

Gaudens alitamani ardhi impokee. Ndiyo picha gani hii? Nani aliyeitengeneza, na wazazi wake walikuwa wapi? Lori, vumbi la njia nzima, kubembelezana nauli, yote hayo kumleta mama aje kutazama mashuzi ya Wazungu!

"Moza," Dionisia alisema, "mwambie karani treni yake imechelewa."

Moza akageuka amwambie. "Nimesikia!" alifoka Gaudens.

Kwenye shuka waombolezaji walijipanga mbele ya jeneza, kila mmoja kaziba pua kwa leso. Maiti akainuka taratibu, akanusa, akaziba pua yake mwenyewe, kisha akamnyooshea kidole mkewe, kana kwamba ni yeye aliyejamba.

Gaudens alikaza meno. Hakucheka. Akajikaza tena, kisha kicheko kikamponyoka puani, kikafuatwa na kingine, mpaka akashika mbavu. Hakuelewa hata kidogo picha ile, aliichukia, na hakuweza kuacha. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Gaudens."

Mama alikuwa amemtaja jina! Alikuwa ameinama mbele ya Moza, anamtazama usoni.

"Naam, mama!"

"Huyo naye amejamba kwenye jeneza."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umecheka."

Gaudens alifuta macho. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Baba yako," Dionisia alisema, wala hakupandisha sauti, "umemzika kimya, kama mtu asiye na watu."

Moza aliangalia miguu yake. Pamoja na shule yake yote Gaudens alijiona mjinga, akajichukia kuliko alivyoichukia ile picha.

"Kesho alfajiri nitakwenda Narung'ombe," alisema Gaudens. "Nitamwangukia Shaibu miguuni. Nitampa jogoo, nitampa hata mbuzi, aje afanye kazi yake."

"Aje alale wapi?" mama yake aliuliza. "Kaburi tumeshalifukia."

Kisha akageukia shuka. Maiti alikuwa amempanda yule ng'ombe, na kofia inawakimbiza wote wawili. Dionisia akaanza kucheka, akampiga Moza paja, akacheka kwa sauti kubwa. Gaudens alikaa akimsikiliza.