Maji ya Wenyewe

Jumatatu asubuhi dobi alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchukua wanga, na kabla hajaimaliza ngazi mguu wake ukaingia majini mpaka gotini. Alisimama hapo kidogo, akatazama. Kapu la vibanio lilikuwa linaelea. Ubao wa pasi nao ulikuwa unaelea, umelala chali kama mgeni aliyeshiba. Akamwita mumewe, kinyozi, ashuke na kila ndoo iliyopo nyumbani, hata ile yenye tundu.

Wakaanza kuchota. Kinyozi alijaza, dobi alipandisha, akamwaga nje kwenye mfereji. Mfereji uliyapokea maji, ukayazungusha kwenye kona ya ukuta, ukayarudisha ndani kupitia kidirisha cha chumba kile kile. Kufikia saa nne kinyozi alisema ameanza kuyatambua kwa sura.

Si kwamba hawakujua. Mtaa mzima unajua. Zamani mfereji ule ulishuka moja kwa moja bondeni, ukipita kando ya mawe ya kufulia na bomba la umma, mahali ambapo wanawake wa mtaa walifua nguo za watu wa kilimani na kusomesha watoto kwa mikono iliyochubuka. Kisha likaja suala kwamba watu wa kilimani hawana pa kuegesha magari. Manispaa ikapaka alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye milango ya nyumba za pale, ukiwemo mlango wa mama yake dobi, ikabomoa, ikayafukia mawe, ikamwaga zege. Na ili maegesho yasije yakalowa, mfereji ukakatwa kona, ukaelekezwa kwenye nyumba zilizobaki. Watu walipolalamika wakajibiwa kwamba maji hujitafutia njia yenyewe. Utadhani maji ndiyo yaliyokaa kikao. Dobi alikuwa msichana wakati huo. Aliliona greda, akaiona na brashi. Hajasahau, wala hana mpango wa kusahau.

Mchana bwana afya akapita, kopo la rangi mkononi. Akainama, akachungulia kidirishani, akaeleza kwa upole kwamba chumba cha chini kikiwa na maji nyumba nzima huwa haifai kukaliwa na binadamu. Sheria ndiyo inasema hivyo, si yeye. Angerudi Ijumaa. Akikuta pamelowa, atapaka X, na wao watafute pa kwenda. Dobi akamuuliza habari za mfereji. Akajibu kwamba mfereji uko idara nyingine.

Alipoondoka, mama yake dobi akaja. Alikuwa marehemu wa miaka mingi. Alitokea kwenye ukuta wa upande wa maegesho, akikata maji taratibu, gauni amelifunga kiunoni, na nyuma yake wenzake wawili wa enzi za mawe ya kufulia, nao marehemu, wakibishana ni nani kati yao aliyekuwa anamaliza sabuni. Aliyepata taabu ni kinyozi. Suruali alikuwa ameikunja mpaka mapajani, na mama mkwe ndiye huyo mbele yake. Akajibanza nyuma ya ubao wa pasi, akatoa shikamoo kutoka huko huko.

"Marahaba, baba," mama mkwe akasema. "Shusha suruali, halafu uniambie nani kawafundisha kumwaga mali ya watu."

Kinyozi akajitetea kwamba ni maji tu.

"Ya nani? Mwanangu, umetazama pindo?"

Dobi alikuwa hajatazama, na uso ukapata moto kwa aibu. Jambo la kwanza alilofundishwa na mama yake ni kwamba kila nguo inayoingia mikononi mwa dobi ina alama ya uzi kwenye pindo, kila nyumba na rangi yake, ili nguo irudi kwa mwenyewe. Akatumbukiza mikono, akapapasa ukingo wa maji, akayashika na kuyainua. Yaliinuka kama shuka. Kwenye pindo palikuwa na uzi wa bluu ulioshonwa kwa kukingama: nyumba ya mhandisi wa manispaa, yule yule aliyechora ile kona. Shuka lililofuata lilikuwa la diwani, uzi wa zambarau. Lile zito linalonuka mafuta lilikuwa la maegesho.

"Huyu diwani hajabadilika," mmoja wa wale wenzake mama akasema, akilinyoosha mbele ya taa. "Juu yanang'aa, chini tope tupu."

Kazi ikaanza. Waliyafua maji kwa sabuni ya mche, wakayasuuza, wakayakamua wawili wawili mpaka yakakauka, wakayatia wanga. Kinyozi alipewa pasi. Akaunguza kidogo kona ya maji ya diwani, na alipoomba radhi wakamwambia asijisumbue. Wale marehemu walimwandama wiki nzima kwa sababu ya upara wake, wakimuuliza wateja wake humwaminije mtu ambaye nywele zake mwenyewe zimemkimbia. Kinyozi alijibu kwa heshima, macho chini, kwamba aliwapa wateja mfano wa kazi iliyokamilika. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Dobi hakuwa amekisikia kicheko kile tangu siku ya greda, na kwa muda akakunja shuka lile lile mara mbili bila kujua.

Alhamisi jioni sakafu ilikuwa kavu. Maji yalikuwa juu ya rafu, yamekunjwa, yamepangwa kwa nyumba.

Ijumaa bwana afya akaja. Akapitisha kidole sakafuni, akakitazama kidole. Kisha akaziangalia rafu, akauliza kile ni nini.

"Maji ya wenyewe," dobi akasema.

Bwana afya akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akapekua kidogo, akaliona fungu lenye uzi wa kijani, akasema haya ni ya kwake, akayatia kwapani na kuisifu mikunjo. Kopo la rangi halikufunguliwa. Dobi akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na pumzi hiyo hiyo akaitumia kuuliza: mfereji je?

"Mfereji una kasoro gani, mama? Mimi nimekuta pakavu."

Jumamosi dobi akajitwisha mafungu, akapanda kilimani. Hakwenda kunyenyekea. Kila mlango aliobisha aliwaambia waziwazi: haya ni yenu, yaliingia kwangu kwa sababu mliukata mfereji, nami nimewarudishia. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hata viatu alivaa vile vya kukimbilia. Hakuna aliyegombana naye. Mke wa mhandisi aliyanusa maji, akasema yananukia, akauliza kama mara nyingine angepunguza wanga. Kwa diwani waliiona ile kona iliyoungua, wakaguna. Wote waliyaweka kabatini, wakafunga milango.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Dobi akashuka, mguu ukaingia majini mpaka gotini. Akapapasa pindo. Safari hii maji yalikuja yamefungwa kamba, kila nyumba na furushi lake, na mengine yalikuwa machafu kuliko zamani, kama ya mtu aliyepata pa kupeleka kila kilichomlemea. Kidirishani ukatokea uso wa mtumishi wa kwa mhandisi, mwenye haya, akasema ametumwa.

"Shikamoo, mama. Wanasema yao usiyachanganye na ya diwani. Na wanayataka kabla ya Jumamosi, wana wageni."

Kutoka ukutani wale watatu walikuwa wameshaingia, wanabishana kuhusu sabuni. Kinyozi aliwasha pasi. Suruali yake ilikuwa imekunjuliwa mpaka chini, imelowa chapachapa, lakini heshima ilikuwa imelindwa.

"Tuseme ukweli, mama mkwe," akasema, "angalau sasa wanajua maji ni yao."

"Walijua tangu zamani, baba," mama mkwe akamjibu, akiinua pindo la kwanza. "Nipe wanga."