Embe Bichi Kwenye Pizza ya Wenyewe

Mtu akikuambia pizza ni mchezo, mpeleke kwa Mzee Usiguse. Jina hilo walimbandika wateja, kwa sababu ukimwomba akuongezee hata kitunguu anakujibu, "Usiguse cha watu!" Kwake pizza ni nyanya, jibini na majani ya mrihani, basi. Alifundishwa ujanani na mpishi mgeni, na tangu hapo anailinda utadhani yule mgeni atapita kesho kukagua.

Sasa mzee huyu Mungu kampa mkamwana, mke wa mwanawe dereva wa malori, mwanamke ambaye mikono haimtulii. Walikuwa wakipikia tanuri moja, wanapendana sana na wanabishana kutwa. Mkamwana alitaka kutia embe bichi na samaki wa moshi.

"Embe! Kwenye pizza! Mwanangu, wenyewe wakisikia nitauweka wapi uso wangu?"

"Baba, kwani hizo nyanya zilianzia kwao? Nao walizipata kwa watu, wakazinogesha. Mbona hawakuambiwa wasiguse?"

"Wao ndio wenyewe."

"Na mimi ninayeungua na tanuri hili kila siku ni nani?"

"Wewe ni mkwe wangu, nakupenda, na embe haliingii humo."

Wateja walicheka mpaka basi. Mkamwana naye alicheka, ila moyoni lilimkaa. Mara ngapi ameoka ile yake, akamwekea mzee kwenye sahani, na mzee asionje hata kidogo! Anaitazama, anasema, "Haya, inapendeza," anageuka zake. Na hoteli moja ilikuwa imemwita akapike, inataka jibu kesho yake. Hakuwa na hamu ya kuondoka, jamani. Alitaka tu baba mkwe amwonjee mara moja. Aseme mbaya, aseme nzuri, lakini aonje. Kama hata hilo hataki, basi humo jikoni yeye ni kibarua tu, na kibarua hata hotelini anapata kazi.

Ilipofika asubuhi hiyo wakabishana tena kabla ya kufungua, mkamwana akaingia kupika rojo la nyanya amenuna kwelikweli. Makopo ya chumvi na sukari jikoni mle yalifanana, na mzee alikataza yasiandikwe: mpishi achovye kidole, alambe, ndipo achote. Hiyo ndiyo amri ya kwanza aliyompa mkwewe. Leo, kwa hasira, mkwe hakulamba.

Pizza ya kwanza ikatoka. Mzee akajikatia kipande, akagonga ukingo kwa ukucha, akausikiliza, akala huku amefumba macho.

"Aa! Hii ndiyo yenyewe. Chumvi imekaa mahali pake. Umenikosha, mwanangu."

Mkamwana akamega naye. Loo! Ilikuwa tamu kuliko keki ya harusi. Rojo zima lilikuwa sukari.

Kwanza alidhani anataniwa. Akamtazama mzee vizuri. Anatafuna, ameridhika, hana habari.

"Baba," akamwuliza kwa sauti ya chini, "tangu lini husikii ladha?"

Mzee akakiweka kipande mezani. Akachungulia mlangoni kama kuna mtu.

"Tangu yale mafua ya mwaka jana. Yaliondoka na harufu, yakaondoka na ladha. Ya nyanya naikumbuka. Nikiiona, nikiugonga ukingo, najua ilivyo. Hiyo yako siijui, mwanangu. Ningekuambia nini? Nikusifu kwa uongo? Nikaona bora niseme ni cha watu, unune, kuliko ujue mpishi wako hana ulimi."

Mkamwana akataka kucheka, akataka kulia, vyote vikamjia pamoja. Kumbe miezi yote hii amemnunia mtu aliyekuwa akiona haya! Akalimwaga rojo lile. Akaoka ile yake: embe bichi, samaki wa moshi, jibini na chumvi kidogo, basi. Safari hii alilamba kidole. Akamkatia mzee kipande, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Kula, baba. Mimi nitakuonjea."

Mzee akasita, kisha akala, mkwewe akamega naye na kuanza kumsimulia.

"Embe linatangulia. Kali, linakukaza taya, lile la kuiba kwa jirani ukiwa mdogo. Subiri. Sasa moshi unakuja, taratibu, wa jikoni kwa mama, watoto mmefukuzwa nje na njaa inawauma. Halafu jibini linawapatanisha. Umeipata?"

"Na ukingo?"

"Umeungua kidogo, una uchungu kwa mbali. Ni ule ule ulionifundisha."

"Endelea."

Akaendelea kumsimulia mpaka kipande kikaisha. Mzee akachukua aproni, akajipangusa macho, akakohoa.

"Pilipili umezidisha," akasema.

Hakuwa ametia pilipili hata chembe.

"Kesho nitapunguza, baba."